Herufi Saba

Kibanda changu cha mihuri kiko Riva Rodi,
kati ya fundi saa na muuza neti za mbu.
Natoza kwa herufi.
Majina ya kwetu nayajua kwa ncha ya kisu:
Odhiambo huanza kwa duara, huishia kwa duara;
Wafula ni milima na mabonde.
Na chini ya kila muhuri, sanduku la posta, kisha NAIROBI:
hilo mkono hulichonga huku jicho likitazama mvua.

Jumanne aliingia Nashipae, bega limelowa,
akaweka karatasi kwenye kaunta:
KALTENBACH.
Nikahesabu mara mbili. Kumi.
Mwisho wake ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

"La marehemu," akasema. "Nafungua ofisi ya uhasibu."
Nikamuuliza maana.
Sipendi kubeba gunia la mtu
bila kujua lina mahindi au mawe.

"Kalt, baridi. Bach, kijito.
Huko kwao kila bonde lina kijito chake cha jina hilo,
na aliyejenga ukingoni akaitwa kwa maji yake.
Babu wa babu yake labda hata mtumbwi hakuwa nao.
Alikuwa na mlango, na maji yakipita."

Akafuta miwani, ikazidi ukungu.
"Mama alilijaribu jina, akalitema.
Miaka miwili alimwita 'yule wako'.
Siku nilipomfasiria, aliweka kibuyu chini.
Enkare nairobi, akasema. Maji baridi.
Mwanangu, ulipanda ndege
kwenda kuolewa hapa hapa?"

Nikashika kisu.
Muhuri huchongwa kinyume:
jina huanzia mwisho, likapanda pole pole
kama kijito kinachorudi chemchemi.
Nje mtaro ulikuwa umefurika,
umebeba maganda ya ndizi na risiti za watu
hadi kwenye ule mto wetu
ambao siku hizi hakuna anayetia mkono
kujua kama bado ni baridi.

Nikaupuliza mpira, nikaupiga kwenye gazeti la jana.
Jina likasimama, bluu, bado bichi.
Akalitazama muda mrefu kuliko wateja wengine.

Nikataja bei.
"Umekosea. Hizo ni za herufi saba,
na hapa ziko kumi."

"Jina hili, mama, nimelichonga miaka ishirini na mmoja," nikamwambia.
"Lina saba."