Kabari

Nimetoka Tororo saa kumi na moja alfajiri,
mwamba ukiwa bado mweusi juu ya weusi,
Probox ya kuazima, tangi nusu,
na kwenye kiti cha abiria nimekifunga mkanda
kipande cha mvule, kabari
iliyokuwa ikilala chini ya miguu ya baba ndani ya lori.
Na daftari lake.

Owora hakuwa mtu wa maneno.
Miaka kumi na minane, Malaba hadi Katuna,
ameandika kama anayelipia kila herufi:
Bugiri, maji ya rejeta.
Jinja, foleni.
Mabira, usiku, sikusimama.
Lukaya, mizani, sawa.
Wapo wanaohesabu mizani kwa vidole, silabi kwa silabi.
Yake ilikuwa tani, na ilipozidi
alilipa, asiandike alimlipa nani.

Kisha, karibu kila safari, kabla ya Kabale:
Tumu, elfu mbili.
Tumu, elfu mbili na sukari.
Tumu, sweta.
Na mara moja, kalamu ikiwa imetoboa karatasi:
Tumu, hospitali. Mshahara wote.

Mama alijifunza kusoma ukubwani.
Neno la kwanza alilolisoma bila mwalimu
lilikuwa hilo.
Hakuuliza. Alipunguza chumvi kwenye chakula,
na baba alikula hivyo hivyo hadi alipokufa.
Jana, nikifunga begi, akasema akiwa amenipa mgongo:
“Ukimpata huyo mwanamke, mtazame miguu.
Uso utakudanganya.”

Jinja, daraja jipya limening'inia kwa nyaya zake.
Nikalitafuta la baba, lile la juu ya bwawa,
nikaliona kando, kama mstaafu
anayewatazama wenzake wakienda kazini.
Namawojjolo mikono kumi iliingia dirishani
na gonja za kuchoma; nikanunua nisizozitaka.
Kampala, daftari limeruka. Nami naruka.

Kayabwe watu walikuwa wakipiga picha kwenye ikweta,
mguu mmoja huku, mmoja kule.
Nikafungua ukurasa: Kayabwe, pancha.
Nikacheka peke yangu hadi Lwera,
maji kulia, maji kushoto,
kamongo wametundikwa vijitini wakiwa na midomo wazi.
Lukaya hakuna aliyenipima.
Gari dogo halina dhambi.

Masaka. Lyantonde. Mbarara na pembe zake.
Baada ya Ntungamo nchi ikasimama wima,
gia ya tatu, ya pili, masikio yakaziba.

Muhanga nikauliza dukani, nikauliza kwa boda.
“Tumu wa viazi?”
Alikuwa ameketi juu ya gunia, amevaa sweta.
Aliiona kabari kabla ya kuniona mimi.
“Hii mbao,” akasema, kwa Kiswahili cha barabarani,
kile kisichojali ngeli, “mimi nakimbia nayo.
Lori ya Owora napanda, mimi nyuma, matope hapa.
Injini nakufa, mimi natupa chini ya tairi.
Siku moja natupa, mguu nachelewa.”
Akavua ndara.
Kushoto, vidole viwili.

Nikampigia mama.
“Mama, Tumu ana ndevu.”
Akanyamaza urefu wa barabara yote,
nikasikia kila mji niliopita
ukirudi kinyumenyume ndani ya simu.
“Na miguu?”
Nikamwambia.
“Amekula?” akauliza.
Nikaangalia zile gonja, zimepoa, hazijaguswa.

Tulikula tumeegemea boneti.
Kisha mzee akainama, goti likalia,
akaipiga kabari nyuma ya gurudumu la Probox,
mara mbili, kwa kisigino cha mguu ule ule,
akarudi nyuma kuitazama kazi yake.
Pale palikuwa tambarare.
Breki ya mkono nilikuwa nimeivuta.
Sikumwambia.