Deni la Rangi

Magazeti ya mji mkuu huandika kila msimu
kwamba jina la timu yetu lilitungwa na waota ndoto:
Mañana, yaani kesho, yaani asubuhi,
maana kwetu neno ni hilo hilo moja
kwa siku ijayo na kwa jua linapochomoza.
Wanaandika vizuri. Wanalipwa kwa kila neno.

Mimi nina risiti.

Babu yangu, Anselmo Quaglia, alikuwa mchora mabango:
bucha, mabehewa, majeneza ya wenye nacho,
na mara moja meno makubwa ya daktari wa meno
yaliyowatisha farasi hadi yakafunikwa gunia.
Puerto Candela, mwaka wa mafuriko,
vijana wa kiwanda cha nyama ya chumvi
walipata kiwanja kando ya reli, magoli ya mbao,
mpira mmoja, na ukuta mweupe uliosubiri jina.

Usidhani majina yalikosekana. Yalizidi.
Etchart wa bucha alitaka kijiji cha mama yake huko milimani,
Wataliano walitaka jenerali wao,
mhandisi Whitlock wa reli alileta neno la kwao
ambalo hakuna aliyeweza kulitamka bila kutema mate.
Vikao vitatu. Katika cha pili kiti kilivunjika,
na hakikuvunjika kwa kukaliwa.

Babu juu ya ngazi, ndoo mbili za buluu
alizozichukua kwa mkopo.
"Niandike nini?"
"Subiri," akasema Hilario Bentancor, mweka hazina.
"Na pesa yangu ya rangi?"
"Kesho."
Jumatatu, kesho. Ijumaa, kesho.
Sikukuu ya Watakatifu Wote, kofia mkononi: kesho, Anselmo, kesho,
hata bibi akaanza kumwita hivyo sokoni:
"Nimemwona Kesho akinunua samaki. Tena taslimu."

Dawa ya deni ni kulipa.
Babu aligundua ya pili: kuliandika mahali pakubwa.
Usiku mmoja alipanda na karabai, hakumwuliza mtu.
Herufi sita, kila moja kimo cha mtoto wa miaka minane,
na kile kiwimbi juu ya herufi ya tatu
alikipinda kama nyusi ya mtu anayedai.

Walipoamka waliona deni lao ukutani.
Walitaka kulifuta. Chokaa ilihitaji pesa.
Bentancor akaahidi chokaa. Mnajua lini.
Jumapili wakacheza, wakashinda mbili bila,
na jina lililoshinda halifutwi.

Tangu hapo lugha yetu imevurugika.
Jana Kesho walifungwa.
Leo Kesho wako ugenini.
Kesho, Kesho hawana mechi.
Mtoto wa jirani alipata sifuri ya sarufi
kwa sentensi ambayo mji mzima ulijua ni kweli.
Na tulipokwisha kuingia ligi ya kulipwa, mwaka ule mbaya,
redio ikatangaza, "Kesho wanashuka daraja,"
ajuza mmoja akawasha mshumaa, akidhani ni unabii.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kwao.
Vioo, zulia, picha za wachezaji waliouzwa Ulaya.
Mhasibu kijana, nembo kifuani, aliishika risiti kwa ncha za vidole:
peso kumi na tisa, ndoo mbili, sahihi ya Bentancor
iliyojikunja kama mkia wa mbwa aliyekosea.
Akacheka kwa upole. Akaipiga picha.
Akasema ingependeza ndani ya kabati la kumbukumbu.

"Mtanilipa lini?"

Akafungua mdomo. Neno likafika kwenye meno.
Akainamisha macho, akaiona nembo, akalimeza.

"Wiki ijayo," akasema.

Nikaikunja risiti yangu.
Nje, buluu inabanduka kwenye ile nyusi,
na kijana mmoja alikuwa akiipima ngazi.
Nilimwambia achukue pesa kwanza.