Waya Bubu

Usiku wa tatu, Isevya.
Mashine ya leza imekaa juu ya meza ya kupigia pasi
kama mgeni aliyekataa chai.
Taa yake inawaka, feni yake inavuma,
na kompyuta inaniandikia, kwa upole wa karani wa masijala:
"Kifaa hakijapatikana."

Nimezima, nimewasha.
Nimeondoa programu, nimeirudisha,
nimeiondoa tena kwa hasira na kufagia mabaki yake
kwenye mafaili ambayo hata majina siyaelewi.
Nimeweka draiva ya zamani, nikaweka mpya.
Nimebadili poti: ya kwanza, ya tatu, ya saba,
kama mtu anayebisha hodi mtaa mzima
akimtafuta fundi aliyekwisha hama.
Kijitabu cha maelezo kina picha kumi na mbili
na alama ya mshangao.

Vifuniko arobaini vya mizinga vimeegemea ukuta,
mninga mtupu, duara kwa duara,
vinangoja majina ya wafugaji nyuki wa Sikonge.
Mzee Lusasi, mweka hazina wao, alipiga saa kumi:
"Nyanzala, majina yapo?"
Nikasema yapo.
Yapo kweli. Yamepangwa safu ndani ya kompyuta,
njia ya kutokea tu ndiyo hayana.

Saa sita luku ikalia.
Uniti nne.
Nikakaa nikivitazama: mashine, kompyuta,
na kati yao waya mweupe
niliouchomoa kwenye chaji ya simu,
maana ule wa boksini panya waliuonja.

Nikaushika. Mwembamba, mwepesi,
wa elfu mbili pale stendi.
Ndipo nikamkumbuka Shigela, fundi redio wa Cheyo
aliyenifundisha kulehemu:
kuna waya wa kulisha,
na kuna waya wa kulisha na kusema.
Kwa nje mapacha.
Kwa ndani, mmoja hana zile nyuzi mbili za maneno.
Unapitisha moto, basi.
Siku tatu nimemtukana mgeni kuwa kiziwi,
kumbe mkalimani ndiye bubu.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.
Kila tarehe tano namtumia mama elfu thelathini,
ujumbe unarudi, "imethibitishwa",
naye anapata unga, sabuni, dawa ya presha,
na tangu matanga ya baba
hatujazungumza kupita dakika moja.

Elfu mbili pale stendi.

Asubuhi niliazima waya wa printa kwa Dativa wa steshenari,
mnene, wa kijivu, mgumu kukunja.
Kompyuta ikatoa mlio mdogo,
kama mtu anayeguna usingizini: kifaa kimepatikana.
Sikushangilia, na nilifanya vyema.
Kichwa cha mashine kikakimbilia kusiko na njia,
kikagonga chuma, ta-ta-ta-ta, jirani akafungua dirisha.
Nikazima. Nikageuza mhimili mmoja, mwingine nikausahau,
na jina la kwanza kwenye orodha likachomeka
jeusi, safi, linanukia msitu,
na kinyumenyume:
AYAPAK.
A na Y hazikujali.
P na K zilikuwa zimetazama nyuma.

Kapaya ni baba.
Mzinga wake bado una nyuki,
na mama amekataa jina lake lisiondolewe.

Nikapiga simu.
"Mama, nimeharibu jina la baba. Limegeuka,
linasomeka kwenye kioo tu."
Kimya. Kuku wake walisikika.
"Hebu subiri," akasema.
"Aliye ndani ya mzinga
si atalisoma sawasawa?"

Nikamwambia mninga hauangazi, nyuki wasingeona kitu.
Akaniambia sijui nyuki.
Akaanza kunieleza nyuki.
Dakika ya kumi na tisa salio likakata,
na vifuniko thelathini na tisa
vilikuwa bado vinanitazama.