Mstari Ulionyooka

Mtaalamu alikuja na projekta,
akatuomba shuka, tukampa la maua,
maana ukuta wa shule ya Kigombe una nyufa
na nyufa, alisema, zingeingia kwenye grafu.

Mpango wa miaka ishirini, akaanza.
Kombo Dafa akahesabu kwa vidole,
akaona atakuwa na sabini na moja,
akacheka peke yake, akanyamaza.

Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango,
daftari langu la nane mapajani,
lenye jalada la twiga na shombo isiyotoka.
Miaka sita napima pale dikoni:
changu, kilo tatu na robo; tasi, moja na nusu;
pono wawili, macho yameshapauka;
pweza, kilo nane, kabla hajapondwa;
jina la chombo, aina ya mtego, saa ya kushuka.
Mizani yangu ina kutu,
sindano yake huanzia mbele ya sifuri,
kwa hiyo kila samaki namtoa gramu hamsini
kama mgeni anayevuliwa viatu mlangoni.

"Hapa," alisema mtaalamu, akagusa shuka,
"kando ya ua jekundu, mnaona?
Mwezi wa tatu, mwaka juzi, siku kumi na moja
mstari umenyooka.
Ndiyo dalili ya bahari iliyotulia.
Juu ya utulivu huu tumejenga hesabu:
leseni ngapi, madema mangapi,
mwamba upi ufungwe, na ufunguliwe lini."

Nikazitazama siku zile kumi na moja.
Nikazijua moja moja, kama vitanda.

Riziki alikuwa amelazwa Bombo, wodi ya watoto,
dripu ikidondosha, nami nikihesabu matone.
Usiku, kwenye benchi, daftari juu ya goti,
niliandika diko nisiloliona:
changu, tatu na robo. Tasi, moja na nusu.
Kesho yake vilevile.
Keshokutwa nilibadili kalamu tu.
Nilijua bamvua imeingia,
nilijua madema yamejaa au yamerudi matupu,
sikujua lipi,
na ukurasa mweupe haulipwi posho.

Basi huo ndio utulivu wa bahari:
homa moja, kalamu mbili.

Bi Mwanjaa alikuwa anauliza
mwamba ukifungwa atakaanga nini, mawe?
Shekue alikuwa anauliza habari za kokoro,
kwa nini wenye kokoro hawakuja mkutanoni.
Nikasimama katikati ya maswali yao.
Nikasema. Sikusema vizuri;
nilianzia kwenye homa, nikarudi kwenye tasi,
nikasahau kutaja mwezi.

Mtaalamu aliinama juu ya mashine yake,
akafuta nukta kumi na moja, moja baada ya nyingine.
Mstari ukakatika.
Pale katikati likabaki ua.

"Na kurasa nyingine?"
Nyingine ni za kweli, nikamwambia,
hata ile ya chewa wachanga wa kaka yangu,
aliyeninunia tangu Mfungo Mosi mpaka Rajabu.

Akaniuliza, sasa kwa sauti ya ofisi,
kama posho ya siku zile nilipokea.
Nilipokea. Nilinunua maji ya dripu
na nauli ya kurudi.
Akaandika kitu. Sikuona nini.

Mkutano ukaahirishwa, shuka likakunjwa,
na miaka ishirini ndani yake.

Asubuhi, maji mafu, Kombo ameleta ndoo.
Juu ameweka kangu wanono, wa kuonyesha;
chini, chini ya majani, nawasikia wale wadogo
wakipigapiga mkia.
"Toa na hao," nasema.
"Hao si samaki, hao ni mboga ya nyumbani."
"Toa, Kombo. Nao wana miaka ishirini yao."

Anawamimina kwenye sinia huku akisonya.
Naning'iniza. Sindano inatikisika,
inapanda, inarudi, inakataa kutulia.
Kalamu ninayo mkononi.
Nangoja.