Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa,
si kuyapima. Tromsø, Februari, ghorofa ya nne,
jua limerudi, wiki ya tatu sasa, jembamba
kama mtu aliyetoka hospitali,
na theluji ya jana bado imekalia dirisha
kana kwamba nayo imekuja kuomba kazi.

Nafasi ni moja: Mhadhiri wa Elimu ya Lugha Nyingi
kwa Misingi ya Haki. Maombi thelathini na manane.
Fomu, niliyoichapa mwenyewe, inauliza:
Lugha ya mama. Chagua moja.
Thelathini na saba walichagua.
Risten Somby alilikata neno "moja" kwa kalamu,
akaandika pembeni:
Mama yangu alikuwa nazo tatu. Nimnyang'anye ipi?

Profesa Hauknes, mwenyekiti, ana jedwali.
Makala katika jarida kubwa, alama tano.
Katika jarida dogo, mbili.
Kitabu cha kusomea cha darasa la pili, kwa Kisami,
chenye picha alizochora dada yake,
kilichosomwa hadi kurasa zikalegea uzi:
jedwali halina safu hiyo.
"Sifuri si hukumu," alisema, "ni nafasi tupu tu."
Nikaandika sifuri.

Kisha mahojiano. Kwa Kiingereza,
kwa heshima ya mgeni wetu kutoka Bremen,
ambaye Kiingereza si chake,
wala si cha yeyote kati yetu sita.
Tukaketi hivyo, watu sita ndani ya koti la kuazima,
mikono yake ikitupwaya,
tukiulizana habari za haki.

"Haki utaipimaje?" aliuliza Solfrid.
Risten alinyamaza. Nilihesabu sekunde kumi na moja.
Kumbukumbu hazina alama ya kimya.
Kisha akatusimulia habari za Filmon, mtoto wa Lakselv:
nyumbani Kitigrinya kinamkandia mkate,
Kisami kinamvisha viatu,
njiani Kinorwe kinamrushia mpira.
Ripoti ya shule, mwaka wa kwanza: mtoto hana lugha.
"Anazo tatu," alisema. "Shule ndiyo iliyokuwa na moja.
Basi mimi hupima hivi: natazama
ni nani aliyeandikiwa 'hana',
na kalamu ilikuwa ya nani."

Yangu ilisimama.

Mkataa kwao mtumwa. Na aliyekatazwa?
Bibi yangu alilelewa bwenini,
walikomfunza kukionea aibu kinywa chake.
Akaniachia neno moja tu, áhkku,
yaani yeye mwenyewe, bibi.
Kitenzi hakunipa hata kimoja.
Siwezi kumfanya aketi, wala aje,
wala anisamehe.

Uamuzi: wa kwanza, bwana wa Utrecht,
makala arobaini na moja, mpole, mwenye akili,
sina neno naye.
Wa pili, Somby.
Bwana wa Utrecht hajajibu bado. Mkewe, nasikia,
haiwezi baridi.

Sasa saa kumi, giza linashuka,
chumbani vimebaki vikombe na jedwali.
Barua ya Risten haina budi kutoka leo.
Mfumo unaniuliza lugha ya barua: Kinorwe, Kiingereza.
Chagua moja.

Naiacha. Narudi kwenye kumbukumbu, ukurasa wa tatu,
mahali pa zile sekunde kumi na moja,
nashusha mstari, nashusha, nashusha tena,
mpaka ukurasa unabaki na pengo jeupe
lenye upana wa kiganja.
Kesho Hauknes atauliza kama ni kosa la uchapaji.
Nitamwambia hapana,
hapo mtahiniwa alikuwa akizungumza.