Faili Ambalo Halimo

Kila Januari nafungua kabati la chuma,
droo ya chini, ile inayokwama;
naipiga teke kwa kisigino ndipo inaachia,
na majina yanatoka na harufu ya klorini,
maana hapa Arkansas, katika kiwanda cha kuku,
hata karatasi hunuka maji ya kuoshea nyama.

Kazi ya leo ni hesabu.
Miaka mitatu tangu aajiriwe,
au mwaka mmoja tangu aondoke:
tarehe iliyo mbali ndiyo tunayoishika.
Rosendo Villatoro, mkata mabawa, bado miezi minne. Rudi ndani.
Darnell Stuckey, usiku, kitengo cha barafu, muda umekwisha.
Mashine inamtafuna kwa sekunde sita,
nyuzi nyeupe zinarundikana
kama manyoya.

Miaka kumi na miwili nimekaa meza hii.
Fomu naijua kama mtu ajuavyo ngazi za kwake gizani.
Yeye hujaza sehemu yake siku ya kwanza ya kazi, asivuke hapo.
Mimi nina siku tatu.
Alete karatasi yenyewe, si kivuli chake,
niishike, niigeuze, niilinganishe na uso ulio mbele yangu,
kovu kwa kovu,
kisha nitie saini kwamba nimeona,
na nikidanganya, jela ni yangu.

Macho hayana pazia, lakini sheria
imeyapimia yangu kipande cha kitambaa:
tazama, usichokonoe.
Ikionekana ya kweli kwa mtu mwenye akili zake, pokea.
Usiombe ya pili kwa sababu ya lafudhi.
Orodha ni yake kuchagua, si yako.
Sheria ni msumeno, hukata ukienda na ukirudi:
asiyekagua hutozwa faini,
na anayekagua kupita kiasi
hutozwa pia.

Hayo nayajua sasa.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja Neijon Laikidrik,
mama wa Visiwa vya Marshall, ua la simbi nyweleni,
mkononi mfuko wenye viatu vya mpira,
vyeupe, vya kiwandani, bei bado imebandikwa kwenye soli.
Alinipa pasipoti, na ndani yake kikaratasi cha kuingilia nchini.
Nikasema: nataka kadi ya kijani.
Akasema: sisi hatuna. Hatuihitaji.
Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.
Nikasema: wenzako wote wanazo. Rudi ukiipata.
Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye mashine ya soda
na mimi sikuwa nimekula.

Hakubishana. Aliukunja mdomo wa mfuko,
akauliza tu kama nadhani duka litavipokea vile viatu.

Miezi miwili baadaye kampuni ilituletea mwanasheria,
Bi. Thibodeaux, mwenye mafua na kitabu kinene.
Akasoma: visiwa hivi, mkataba huu,
pasipoti na kikaratasi chake, basi, vyatosha.
Nikaandika. Kalamu ikatoboa ukurasa.

Sikumtafuta.
Nasema hivyo kwa sababu nimezoea
kutia saini chini ya kiapo.

Waliopita mikononi mwangu wana tarehe,
wana siku ya kutunzwa na siku ya kutafunwa.
Mkaguzi akija, nitamwonyesha kila mmoja,
nukta kwa nukta, wino wa bluu.
Hakuna atakayeniuliza juu ya yule
ambaye fomu yake sikuifungua.
Napekua herufi ya L kila Januari hata hivyo,
halafu naifunga droo kwa goti.

Saa nane anabisha kijana. Jina la ukoo si lile; nimetazama mara mbili.
Anaweka pasipoti mezani, kikaratasi ndani,
na kwa haraka anaanza kujieleza, mkataba, visiwa,
kama mtu aliyekwisha kufukuzwa mahali.
Inatosha, namwambia. Naigeuza, namtazama, naandika tarehe.
Ni hivyo tu?
Ni hivyo tu.
Anauliza viatu vyeupe vinauzwa wapi.
Kanunue leo, namwambia,
kabla duka halijafungwa.