Daftari la Morisi

Nati za Morisi hazijui milimita.
Kumi na tatu inateleza, inakula pembe;
kumi na mbili haiingii hata ukiisihi.
Zinataka spana za nchi, na spana za nchi za baba
kaka yangu Lechipya aliziuza kwa wa vyuma chakavu
mwaka ule wa njaa,
zikapimwa kilo moja na masufuria.
Simlaumu. Alikuwa na vinywa sita.
Nimeichukua kumi na mbili, nikaipiga tupa
jioni tatu, mpaka ikakubali.

Miaka kumi na tisa gari limekaa juu ya mawe
nyuma ya nyumba yetu, Mpwapwa.
Kuku wametaga kiti cha nyuma.
Majirani waliliita kabati.
Nilipofungua kabureta
udongo mwekundu ulitoka na umbo la kikombe chake,
mkavu, mzima, kama tofali la mtoto anayecheza.
Kila upepo wa Agosti ulikuwa umeweka akiba humo.

Dodoma mjini, dukani, waliniuliza: la mwaka gani?
Hamsini na saba, nikasema.
Walicheka, kisha wakaniletea kiti.

Basi gasketi nimeikata kwenye boksi la sabuni:
naliweka juu ya chuma, nagonga ukingoni
taratibu, kwa nyundo ya kichwa cha mviringo,
mpaka chuma chenyewe kichore mstari wake.
Masinjisa wa bodaboda amesimama getini.
"Shangazi, si ununue tu Mchina?"
Hajaondoka, lakini. Amechuchumaa.
Amekamata waya wa betri, na nimemzuia mkono:
hapa chanya ndiyo inayoshika bodi.
"Kinyume?"
Kinyume. Wazungu wa zamani walikuwa na yao.

Daftari la baba nimelikuta chini ya kiti,
jalada la bluu, lina doa la grisi kila ukurasa.
Karani wa mifugo, mwandiko wa karani:

*Machi 3. Plagi zote nne, nimesafisha kwa brashi ya waya.*
*Machi 20. Breki ya kushoto inalia. Mvua Kibakwe, nimekwama.*
*Mei 11. Oili. Mama yetu amefariki alfajiri. Oili tena jioni.*

Oili tena jioni.
Nimekaa na mstari huo kuliko nilivyokaa na platinamu.
Alikwenda wapi siku hiyo, na nani kiti cha mbele,
barabara gani ilikunywa galoni ile?
Hakuandika.

Nikageuza kurasa kutafuta mwezi wangu.
*Novemba 9. Mtoto wa kike. Kabureta inavuja.*
Ndiyo yote. Chini yake, kwa kalamu nyingine:
*Mwanya wa platinamu: unene wa kadi yake ya kliniki.*

Kadi ninayo. Imekunjika, uzito wangu umefifia,
kilo tatu na kitu.
Nimeiingiza kati ya vile vidomo viwili vya chuma,
nikakaza skrubu, nikaivuta.
Ilitoka kwa ubishi kidogo, jinsi inavyotakiwa.

Leo, hendeli.
Gumba lisikumbatie, namwambia Masinjisa,
liweke upande mmoja na wenzake,
injini ikirudi nyuma itakuvunja.
Mara ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, hata kikohozi hakuna.
Ya saba, au ya nane, kijana amevua shati,
moshi wa bluu umefunika kamba ya nguo
na jirani anapiga kelele kuhusu shuka zake.

Inanguruma! Si vizuri. Silinda moja inasita
kama msomaji aliyefika kwenye jina gumu.
Nimebonyeza swichi ya kukata kulia
na ubavuni kimechomoza kile kimkono cha taa,
mwanafunzi anayejua jibu,
kikagoma kushuka.

Nimefuta mikono kwenye kanga iliyokufa zamani,
nikachukua kalamu.
*Juni 2. Imewaka. Kabureta inavuja.*